Kujenga Tabia kwa Tuzo: Mwongozo Kamili kwa Mzazi na Mwalimu

Panya buku wengi wetu tunamjua kama mwizi wa mihogo shambani. Kule Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO limekuwa likimfundisha kazi nyingine tangu mwaka 2000: kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini, na baadaye kunusa makohozi ili kumtambua mgonjwa wa kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa hapa Tanzania mwaka 2013, akapelekwa Kambodia, na alipostaafu mwaka 2021 alikuwa amegundua mabomu na vilipuzi vingine zaidi ya 100. Hakuchapwa, wala hakuelezwa umuhimu wa kazi yenyewe. Alifundishwa kwa sauti ndogo ya "klik" na kipande cha ndizi. Mafunzo ya panya mmoja huchukua karibu miezi tisa.

Nimeanza na panya kwa sababu mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na mama wa watoto wawili, na kwa miaka mingi nilidhani mtoto hubadilika kwa kuambiwa. Nilisema, nikasema tena, nikapaza sauti. Nilipojifunza namna panya hawa wanavyofundishwa ndipo nilipoanza kujiuliza: mtoto wangu anapofanya jambo, sekunde inayofuata anapata nini? Mwongozo huu wote unatoka kwenye swali hilo.

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe

Neno lenyewe, kwa wanasaikolojia, ni uimarishaji. Ni jambo lolote linalofuata baada ya tendo na kulifanya tendo hilo lirudiwe zaidi siku zijazo. Zingatia sehemu ya mwisho. Pipi si uimarishaji kwa sababu ni tamu. Ni uimarishaji pale tu tendo lililoitangulia linapoongezeka. Ukimsifu mtoto kila anapofagia na bado hafagii, sifa zako hazijaimarisha kitu, hata kama zilikuwa nzuri kiasi gani.

Wazo hili lina historia ndefu. Mwaka 1898 Mmarekani Edward Thorndike alieleza majaribio yake ya kuwafungia paka wenye njaa katika visanduku vyenye komeo, samaki akiwa nje. Paka alipapura huku na huku mpaka kwa bahati akafungua. Akirudishwa tena na tena, muda wa kutoka ulipungua polepole. Baadaye mwanasaikolojia B. F. Skinner, akitumia panya na njiwa kuanzia miaka ya 1930, alilichambua jambo hili kwa undani kuliko mtu yeyote kabla yake.

Kuna uimarishaji chanya na uimarishaji hasi, na hapa ndipo wanafunzi wengi wa ualimu wanapokosea mtihani. Chanya maana yake kitu kimeongezwa: panya amepata ndizi. Hasi maana yake kero imeondolewa: kichwa kinauma, unameza panadol, maumivu yanaisha, na kesho kikiuma utaitafuta panadol tena. Yote mawili yanaongeza tabia. Adhabu ni kitu kingine kabisa, maana adhabu ni kile kinachopunguza tabia. Ukishika hapo, mengine yatakuja yenyewe.

Hatua ya 1: Itaje tabia kwa namna ambayo jirani angeweza kuihesabu

"Nataka awe na adabu" haifai. Adabu haionekani, matendo ndiyo yanayoonekana. Andika hivi: "Akirudi shule, avue viatu mlangoni na atundike mkoba kwenye msumari." Au: "Akitaka kusema darasani, anyooshe mkono na asubiri kutajwa." Jipime kwa jirani: ukimpa jirani karatasi yako akakaa nyumbani kwako jioni moja, ataweza kuweka alama kila tabia inapotokea? Akikuuliza "hii nayo inahesabika?", rudi uandike upya.

Chagua moja. Si tano. Na iandike kwa upande wa kufanya, si wa kuacha. Kwa mtu aliyeacha kupiga kelele utaimarisha nini? Utaimarisha kile anachofanya badala ya kelele.

Hatua ya 2: Hesabu kwa wiki moja bila kubadilisha kitu

Chukua daftari dogo. Kila tabia inapotokea andika mambo matatu: kilichotangulia, alichofanya, kilichofuata. Watu wengi huiruka hatua hii kwa sababu wana haraka, kisha wanabaki kubishana na mwenzao nyumbani kama mtoto amebadilika au la.

Mimi nilifanya hivyo darasani kwa ajili ya mvulana mmoja aliyekuwa akigonga dawati. Ijumaa nilipolisoma daftari niliona aibu. Kwenye safu ya "kilichofuata" nilikuwa nimeandika karibu kila mstari: nimemwita jina, nimemtazama, nimeenda hadi kwenye dawati lake. Siku alizokaa kimya akiandika, safu ilikuwa tupu. Katika darasa la watoto zaidi ya 80, macho ya mwalimu ni mali adimu, na mimi nilikuwa nikiyagawa kwa anayegonga.

Hatua ya 3: Mtafute anayelipa

Tabia inayoendelea kwa miezi kadhaa ina mtu au kitu kinachoilipa. Mara nyingi mlipaji ni sisi wenyewe, na tunalipa bila kujua kwa sababu sisi pia tunalipwa.

Tazama jambo hili dukani kwa Mangi, saa kumi na mbili jioni. Mama amekuja kuchukua unga na mafuta ya kupima. Mtoto wa miaka minne ameona pipi ya kijiti kwenye kopo.

"Mama, naomba pipi."

"Leo hapana."

Anaanza kulia. Mama anahesabu hela. Kilio kinapanda, watu wawili kwenye foleni wanageuka. Mtoto anajitupa chini, kanga ya mama inavutwa. Mangi, mtu mwema, anauliza: "Mama, nimpe?" Mama anapumua, anasema, "Haya mpe, anyamaze." Kimya. Wote wanarudi nyumbani.

Katika dakika hiyo watu wawili wamefundishwa. Mtoto amejifunza kwamba kuomba hakutoshi, kulia kidogo hakutoshi, kujitupa chini ndiko kunakoleta pipi. Huo ni uimarishaji chanya. Mama naye amejifunza: alitoa pipi, na kelele na aibu vikaondoka papo hapo. Huo ni uimarishaji hasi, na una nguvu sana kwa sababu nafuu yake inakuja mara moja. Wiki ijayo mama atatoa pipi mapema zaidi, na mtoto atajitupa mapema zaidi. Hakuna mbaya kati yao. Kila mmoja anafanya kile ambacho mwenzake amekilipia.

Ukiliona hili kwa mama wa dukani, litafute na kwako. Simu unayompa mtoto ili umalize kupika. Kazi ya nyumbani unayomfanyia kwa sababu analalamika. Na fimbo pia, nitaifikia.

Hatua ya 4: Chagua tuzo kwa kumtazama mtoto

Usikae kitandani ukawaza mtoto angependa nini. Mtazame akiwa huru anafanya nini bila kuambiwa. Mwaka 1959 mwanasaikolojia David Premack alionyesha kwamba tendo analolipenda mtu linaweza kuwa tuzo kwa tendo asilolipenda. Bibi zetu waliitumia kanuni hii bila kuipa jina: maliza kuosha vyombo, ndipo ukacheze.

Binti yangu alipokuwa darasa la pili alichukia kusoma kwa sauti. Kosa langu la kwanza lilikuwa kumwahidi baiskeli akishika nafasi za juu mwezi wa kumi na mbili. Ilikuwa Machi. Tuzo ilikuwa kubwa mno na mbali mno. Baada ya wiki mbili hata hakuitaja. Kisha nikaanza kumtazama. Kila nilipokanda unga wa chapati aliacha yote aliyokuwa akifanya akaja kusimama karibu na kibao, akingoja nimpe donge adondoshe unga mkavu juu yake na alisukume mwenyewe. Chapati zake zilitoka kama ramani, na alizila kwa fahari. Hapo nikawa nimepata tuzo, na hainigharimu hata shilingi.

Angalizo: tuzo huchosha. Panya aliyeshiba hafanyi kazi kwa ndizi, na mtoto anayeangalia katuni siku nzima hawezi kulipwa kwa katuni. Kinachotumika kama tuzo kisipatikane bure saa hizohizo.

Hatua ya 5: Lipa ndani ya sekunde

Hili ndilo ambalo watu hulipuuza zaidi, nami nalitilia mkazo kuliko yote. Uimarishaji hufunga tendo lililo karibu nalo zaidi. Ukichelewa, unafunga tendo jingine.

Mwaka 1948 Skinner aliwapa njiwa chakula kila baada ya sekunde chache, bila kujali wanafanya nini. Baada ya muda njiwa mmoja alikuwa akizunguka, mwingine akitikisa kichwa. Kila mmoja alirudia kile ambacho kwa bahati alikuwa akikifanya chakula kilipokuja. Mtoto aliyeosha vyombo saa nane, akagombana na mdogo wake saa tisa na nusu, kisha ukampa zawadi saa kumi, hana namna ya kuhisi umelipia nini, hata ukimweleza.

Wakufunzi wa Morogoro walitatua tatizo hili kwa kile kidude cha "klik". Panya akiwa bado mdogo, mkufunzi hubonyeza, klik, kisha humpa chakula, klik, chakula, mpaka sauti yenyewe inakuwa habari njema. Baadaye panya akishikilia pua juu ya tundu lenye harufu sahihi, klik inalia palepale, na ndizi inafuata. Sauti inashikilia sekunde ile. Wolfram Schultz, aliyepima seli za ubongo wa nyani katika miaka ya 1990, aliona jambo linaloendana na hili: nyani akishazoea kwamba taa fulani huleta maji ya matunda, seli zinazotumia dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe ubongoni, hushtuka taa inapowaka, si maji yanapofika.

Kwa mtoto, klik yako ni maneno mafupi yanayotaja tendo: "Umesoma mstari mzima." "Umesubiri zamu." Yaseme tendo likiwa bado la moto, tuzo ifuate. "Hongera" peke yake haitoshi, kwa kuwa haimwambii kilichopongezwa.

Hatua ya 6: Finyanga, usisubiri chungu kizima

Mwaka 1943, wakati wa vita, Skinner na wenzake walikuwa wakifanya kazi na njiwa katika ghorofa ya juu ya kinu cha unga mjini Minneapolis. Siku moja walitaka njiwa asukume mpira wa mbao kwa mdomo. Walisubiri ausukume mwenyewe ndipo wampe tuzo, hakuusukuma. Ndipo wakaamua kumlipa kwa kuutazama tu mpira, kisha kwa kuusogelea, kisha kwa kuugusa. Katika dakika chache njiwa alikuwa akiupiga mpira huku na huko.

Kwa binti yangu ngazi zilikuwa hivi, na kila ngazi ilichukua jioni mbili hadi nne:

1. Kuleta kitabu jikoni na kukaa mkekani.
2. Kukifungua na kunionyesha picha anayoipenda.
3. Kusoma neno moja ninaloligusa kwa kidole.
4. Kusoma sentensi moja, akikwama namsaidia bila kumkaripia.
5. Kusoma nusu ukurasa, kisha ukurasa.

Ngazi ya kwanza mume wangu aliiona kama mchezo. "Kuleta kitabu tu ndiyo apewe donge?" Ndiyo, kwa sababu hapo ndipo alipokuwa. Mfinyanzi haanzi na shingo ya chungu. Panda ngazi inayofuata pale ile ya sasa inapofanyika kirahisi mara nne katika tano. Akishindwa mara tatu mfululizo, kosa ni la ngazi, imekuwa ndefu mno. Ikate vipande viwili.

Hatua ya 7: Punguza tuzo, lakini polepole

Tabia inapoanza, lipa kila mara. Ikishasimama, lipa mara kwa mara bila mpangilio unaotabirika. Tabia iliyojengwa hivyo hudumu muda mrefu hata tuzo ikikosekana. Panya wanaonusa makohozi hulipwa kwa sampuli ambazo tayari zinajulikana kuwa na vimelea; kwa sampuli ambazo majibu yake hayajulikani hawawezi kulipwa, kwa kuwa hakuna anayejua kama wamepatia. Bado wanaendelea kunusa zote.

Nguvu hii hii ndiyo iliyo ndani ya mashine za bonanza mitaani na katika kubeti. Kijana mkeka wake umechanika mara tisa, wa kumi ukatiki, na hiyo moja inamrudisha kwa miezi. Mashine hailipi kila sarafu. Kutojua ni lini italipa ndiko kunakomshikilia. Vilevile mzazi anayesema "hapana" siku nne, ya tano akachoka akatoa pipi, amejenga kilio kigumu kuliko yule anayetoa kila siku. Ukiona huwezi kushikilia hapana yako, bora utoe mapema kabla kilio hakijaanza.

Hatua ya 8: Acha kulipia tabia ya zamani, na ujiandae kwa dhoruba

Unapokata malipo, tabia haipungui mara moja. Kwanza hupanda. Mtu aliyezoea kubonyeza swichi na taa ikawaka, siku isipowaka hubonyeza mara tano kwa hasira kabla ya kukubali. Mtoto wa dukani, siku ya kwanza bila pipi, atalia kwa namna hujawahi kusikia. Wengi hukata tamaa hapo na kusema njia haifanyi kazi, wanatoa pipi, na sasa wamelipia kilio kikubwa zaidi.

Kwa hiyo usianze siku yenye haraka. Mwambie Mangi mapema, na bibi pia, maana bibi mmoja mwenye huruma anatosha kubomoa yote. Kubwa zaidi, mpe mtoto njia nyingine inayolipa: akiomba kwa sauti ya kawaida na akakubali kungoja, siku nyingine apewe pipi kwa hilo.

Hatua hii ni kwa makelele na usumbufu. Mtoto anayejiumiza, anayeumiza wengine, au aliyebadilika ghafla, mpeleke akaonwe na daktari. Kilio cha njaa, homa au woga hakinyamazishwi kwa kupuuzwa.

Kuhusu fimbo

Kenya imepiga marufuku viboko shuleni. Sheria za Tanzania bado zinaviruhusu kwa masharti. Najua ninachokisema kwa sababu nimeishika fimbo. Unapopiga, darasa linanyamaza palepale, na ukimya huo unamlipa mwalimu. Ni uimarishaji hasi uleule wa dukani: kero imeondoka, mkono umejifunza. Mtoto naye amejifunza kuogopa aliyeshika fimbo, na kuficha. Hakuna tabia mpya aliyopewa. Mvulana wangu wa dawati nilimchapa muhula mzima, na hakuacha kugonga. Aliacha katika wiki ya tatu baada ya mimi kuanza kupita kwenye dawati lake pale anapoandika, nikaweka kidole kwenye mstari wake na kusema, "Hapa umepanga vizuri."

Pale tuzo zinapoharibu

Usimlipe mtoto kwa jambo analolipenda tayari. Mwaka 1973 Mark Lepper na wenzake, huko Stanford, waliwaahidi baadhi ya watoto wa chekechea waliopenda kuchora kwamba wakichora watapata cheti chenye nyota. Wiki moja au mbili baadaye watoto hao, wakiwa huru, walichora karibu nusu tu ya muda ambao wenzao walichora. Waliopewa cheti bila kuahidiwa hawakupoteza hamu. Kwa hiyo mtoto anayesoma hadithi kwa raha zake, muulize tu hadithi imefika wapi.

Maumbile nayo yana kauli. Keller na Marian Breland, waliowahi kufanya kazi na Skinner, waliandika mwaka 1961 kuhusu rakuni, mnyama mdogo wa Amerika, waliyemfundisha kutumbukiza sarafu kwenye kisanduku cha chuma. Alipopewa sarafu mbili alianza kuzisugua pamoja kama asafishavyo chakula, wala hakutaka kuziachia, ingawa alikuwa akikosa tuzo. Mtoto wa miaka mitatu hatakaa kimya saa nzima kwa tuzo yoyote.

Hatua ya mwisho: Ihamishe

Tabia huzaliwa mahali fulani, mbele ya mtu fulani. Panya huanza kwenye visanduku vya ndani, wakahamia kwenye udongo, kisha viwanjani. Na hata wakifika Kambodia hupewa muda wa kuzoea mazingira ya kule, hupimwa upya, ndipo wanaingia kwenye ardhi yenye mabomu halisi.

Binti yangu alisoma vizuri jikoni mwetu, na alipoenda likizo kwa bibi yake alikataa hata kufungua kitabu. Nilirudi ngazi mbili chini, mkekani kwa bibi, bibi ndiye aliyekuwa akimpa donge. Baada ya siku sita alikuwa amefika alipokuwa. Kisha tukasoma kwenye daladala, mabango ya njiani, karatasi ya dawa, chochote. Donge likaanza kukosekana siku mbili, likarudi siku ya tatu.

Mwezi wa tisa nilimtuma maandazi. Yalifungwa kwenye gazeti kuukuu. Nilikuwa nikichochea uji nikasikia sauti nyuma yangu, taratibu, neno kwa neno, ikisoma bei za mahindi za mwaka uliopita kwenye karatasi iliyolowa mafuta. Sikuwa nimemwambia asome. Niliondoa sufuria jikoni, nikakaa naye chini, nikamwomba aanze tena kuanzia juu.